Kuuza Hisa za Kukopa: Jambo Lenyewe na Istilahi Zake

Miongoni mwa maneno ya masoko ya fedha yanayowasumbua wafasiri wetu, ni machache yaliyotiwa katika Kiswahili vibaya kama lile linalotaja biashara ya kuuza hisa ambazo muuzaji hana. Katika tafsiri zinazopita mikononi mwa watu siku hizi, hasa zile zinazofanywa na mashine, tunakuta "uuzaji mfupi", "mauzo fupi" na hata "kufupisha hisa". Kama kosa lingekuwa la sarufi tu tungelisahihisha kwa mstari mmoja na kuendelea na kazi nyingine, maana mauzo, yakiwa na kimo, yatakuwa mafupi wala hayatakuwa fupi. Lakini kosa hili lina madhara zaidi ya hayo. Msomaji anayekutana na "uuzaji mfupi" huelewa kwamba ni uuzaji wa muda mchache, au wa kiasi kidogo, na kwa hiyo una usalama kuliko ule mrefu. Ukweli ni kinyume kabisa. Hii ndiyo njia ambayo mtu aliyeweka shilingi laki moja sokoni anaweza kuamka asubuhi akakuta laki yake imekwisha na juu yake anadaiwa laki mbili nyingine. Kwa hiyo tumeona inafaa tueleze kwanza jambo lenyewe lilivyo, ndipo tuzungumzie jina linalolistahili.

Tuanze na lililo la kawaida. Mtu anunuapo hisa za kampuni huwa amenunua sehemu ya umilikaji wa kampuni hiyo. Anatumaini kwamba bei itapanda. Ikipanda atauza, na tofauti ya bei mbili hizo ndiyo faida yake. Ananunua kwanza, anauza baadaye. Katika biashara tunayoieleza hapa mambo hayo mawili hupinduliwa: mtu huuza kwanza na kununua baadaye, akitumaini kwamba bei itashuka. Swali la kwanza atakalouliza msomaji yeyote mwenye akili timamu ni hili: atauzaje kitu asichokuwa nacho? Jibu ni kwamba anakikopa.

Tuseme bei ya hisa moja ya kampuni fulani ni shilingi 2,000. Mtu mmoja anaamini kwamba kampuni hiyo haina maisha na bei yake itaanguka. Anamwendea dalali wa soko la hisa, anakopa kwake hisa 100, na hapo hapo anaziuza sokoni kwa shilingi 200,000. Sasa ana fedha mkononi mwa dalali, na ana deni. Angalia vema kwamba deni lake si la shilingi 200,000, bali ni la hisa 100. Baada ya mwezi bei inashuka hadi shilingi 1,500. Ananunua hisa 100 kwa shilingi 150,000, anazirejesha kwa aliyemkopesha, na shilingi 50,000 zilizobaki ni zake, baada ya kutoa ujira wa dalali na gharama nyingine tutakazozitaja. Lakini kama bei itapanda hadi shilingi 5,000, deni lake litakuwa bado lile lile, hisa 100, na kuzipata itambidi alipe shilingi 500,000. Aliuza kwa laki mbili akanunua kwa laki tano. Hasara yake ni laki tatu.

Hisa hizo hutoka wapi? Aghalabu hutoka kwa mifuko mikubwa ya pensheni na ya uwekezaji ambayo hukaa na hisa zake miaka mingi bila kukusudia kuziuza, na ambayo huona ni vema kuzikopesha ili ipate malipo kidogo juu yake. Wakati mwingine hutoka katika akaunti za wateja wengine wa dalali yule yule, ambao walitia sahihi mkataba unaomruhusu dalali kuzikopesha, pengine bila kuusoma mkataba huo hadi mwisho.

Hapa lugha yetu ina hazina ambayo wafasiri wameipita bila kuitazama. Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Ukimwendea jirani ukamwomba jembe, umeliazima: jioni utarudisha jembe lile lile, na mpini wake ule ule. Ukimwomba pishi ya mchele, hukuomba ili umrudishie punje zile zile, kwani utakuwa umekwisha kuzipika. Utampa pishi nyingine iliyo sawa na ile. Mchele huo umeukopa. Twajua kwamba mitaani mtu husema "niazime shilingi mia", na hatumkamati kwa hilo, lakini katika istilahi tofauti hii ina thamani kubwa. Hisa ni kama mchele. Anayezichukua huziuza mara moja kwa mtu asiyemjua, na atakazorejesha zitakuwa nyingine za kampuni ile ile. Kwa hiyo yeye ni mkopaji, wala si mwazimaji, na hati yoyote ya Kiswahili inayosema kwamba hisa hizo "zimeazimwa" inampa mwenyewe matumaini ya uongo kwamba mali yake imekaa mahali fulani ikimngoja. Haipo. Imekwisha kuuzwa, na aliyeinunua anajihesabu kuwa mwenyewe halali, ndiye anayepiga kura katika mkutano wa wanahisa.

Dalali naye si mjinga. Hawezi kumkopesha mtu hisa na kumwacha aende zake na fedha za mauzo. Fedha hizo hubaki kwake, na juu yake hudai dhamana. Nchini Marekani, ambako biashara hii imeenea kuliko kwingine, kanuni hutaka mkopaji aweke dhamana ya nusu ya thamani ya hisa alizouza. Katika mfano wetu itakuwa shilingi 100,000. Dalali sasa ameshika shilingi 300,000, naye anadai hisa ambazo leo zina thamani ya shilingi 200,000. Baada ya hapo, kila siku, hesabu hufanywa upya kwa bei ya siku hiyo, na kwa kawaida hutakiwa kwamba kinachobaki baada ya kutoa thamani ya deni kisipungue asilimia 30 ya deni lenyewe. Madalali wengi hudai zaidi.

Tufanye hesabu hiyo pamoja, maana wanaoanza biashara hii huiruka. Bei ikipanda hadi shilingi 2,400, yaani kwa sehemu moja ya tano tu, deni limekuwa shilingi 240,000. Katika zile 300,000 kinachobaki ni 60,000. Asilimia 30 ya deni ni 72,000. Pamepungua 12,000, na dalali atamtaka mteja wake aongeze dhamana, pengine siku hiyo hiyo. Asipoongeza, dalali ana haki ya kununua hisa sokoni kwa fedha za mteja na kulifunga deni, bila kumwuliza, na kwa bei yoyote itakayokuwapo wakati huo. Bei ikifika 3,000 mteja hana tena hata senti. Ikipita hapo, kila shilingi ni deni jipya.

Msomaji ameona kwamba mizani ya biashara hii haiko sawa. Aliyenunua hisa kwa shilingi 200,000 hawezi kupoteza zaidi ya hizo 200,000, hata kampuni ikifa na kuzikwa. Na faida yake haina dari. Aliyeuza hisa za kukopa amegeuziwa mambo yote mawili: faida yake kubwa kabisa ni hizo 200,000, nayo ataipata kampuni ikifa tu, lakini hasara yake haina mpaka kwa sababu bei haina mpaka wa kupanda. Liko na jambo jingine, ambalo vitabu vya biashara havilisisitizi inavyostahili. Kosa la mnunuzi hupungua lenyewe: hisa zake zikishuka kutoka 2,000 hadi 1,000, uzito wa hisa hizo katika mali yake umepungua nusu. Kosa la muuzaji wa hisa za kukopa hukua lenyewe: kadiri anavyokosea, ndivyo deni linavyokuwa sehemu kubwa zaidi ya mali yake, na ndivyo anavyotakiwa kuongeza fedha mahali pale pale anapoumia. Wahenga waliosema kukopa harusi, kulipa matanga hawakuwa wakifikiri hisa, lakini wangeielewa habari hii upesi kuliko wengi wetu.

Zipo gharama nyingine zinazotafuna taratibu. Mkopaji hulipa ada ya mkopo kila siku anayokaa na deni, na ada hiyo, kwa hisa zilizo adimu, huweza kupanda ghafla hata ikamla faida yote. Kampuni ikitoa gawio, mkopaji hutakiwa kumlipa mkopeshaji kiasi sawa na gawio hilo kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa gawio lenyewe limekwenda kwa yule aliyenunua. Tena mkopeshaji anaweza kudai hisa zake wakati wowote, na kama hapana nyingine za kukopa, mkopaji hana budi kununua siku hiyo hata kama bei haimfai. Mtu anaweza basi kuwa sahihi kuhusu kampuni na akashindwa kwa sababu hakuweza kungoja.

Mfano mkubwa wa jambo hilo ulitokea Ujerumani mwaka 2008. Ulikuwa mwaka wa msiba katika masoko ya fedha. Benki ya Lehman Brothers ya Marekani ilikuwa imeanguka tarehe 15 Septemba, na viwanda vya magari kila mahali vilikuwa vikipungukiwa na wanunuzi. Hata hivyo bei ya hisa za kampuni ya magari ya Volkswagen ilikuwa juu. Wafanyabiashara wengi wa fedha waliona kwamba bei hiyo haina msingi, wakakopa hisa za kampuni hiyo na kuziuza. Katika kuitazama hali ya biashara ya magari hawakukosea. Walichokosa kukihesabu ni idadi ya hisa zilizobaki sokoni.

Jumapili tarehe 26 Oktoba, kampuni ya Porsche, ambayo ilikuwa ikinunua hisa za Volkswagen kwa muda mrefu, ilitangaza kwamba inamiliki asilimia 42.6 ya hisa hizo, na kwamba ina mikataba inayohusu asilimia 31.5 nyingine. Jumla ilikuwa asilimia 74.1. Jimbo la Niedersachsen lilikuwa na asilimia 20 na kitu, wala halikuwa na nia ya kuuza. Zilizobaki kwa watu wote duniani hazikufika asilimia 6. Nazo hisa zilizokuwa zimekopwa na kuuzwa zilikadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 12. Yaani wadaiwa walitakiwa kurejesha hisa mara mbili ya zile zilizoweza kununuliwa. Jumatatu asubuhi kila mdaiwa alikimbilia sokoni kabla ya mwenzake. Bei, ambayo Ijumaa ilikuwa karibu yuro 210, ilifunga Jumatatu ikiwa yuro 520 hivi, na Jumanne ikapita yuro 1,000. Kwa saa chache siku hiyo Volkswagen ilihesabiwa kuwa kampuni yenye thamani kuliko zote ulimwenguni, ilhali haikuwa imeuza gari hata moja zaidi ya wiki iliyotangulia. Jumatano Porsche ilikubali kuachia sehemu ndogo ya mikataba yake, na bei ikaanza kuteremka. Waliokuwa na fedha za kungoja waliiona bei ikirudi chini, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufungiwa madeni yao kwa bei ya juu.

Msukosuko wa namna hiyo unahitaji jina. Bei hupanda, wadaiwa hulazimika kununua, ununuzi wao huipandisha bei zaidi, na wadaiwa wengine hulazimika nao. Sisi tunapendekeza "mbano". Neno hilo lina mnyambuliko mzuri: wadaiwa hubana na kubanwa, na wakati mwingine wao wenyewe hubanana mlangoni. Tumesikia wengine wakipendekeza "mkamuo", lakini anayekamuliwa hutoa kitu kidogo kidogo kwa faida ya mkamuaji, na hapa mara nyingi hakuna mkamuaji. Kuna watu wengi na mlango mwembamba.

Mbano uliozungumzwa sana katika miaka ya karibuni ni ule wa Januari 2021 uliozihusu hisa za GameStop, kampuni ya Marekani yenye maduka ya michezo ya kompyuta. Mwanzoni mwa mwezi hisa moja ilikuwa chini ya dola 20. Tarehe 28 iligusa dola 483, kwa hesabu ya kabla ya hisa hizo kugawanywa mwaka 2022. Mfuko wa Melvin Capital, uliokuwa umeuza hisa za kukopa za kampuni hiyo, ulipoteza asilimia 53 ya mali yake katika mwezi huo mmoja, na mwaka 2022 ulifungwa. Lililowashangaza watu ni kwamba hisa zilizokopwa na kuuzwa zilizidi asilimia 100 ya zile zinazouzwa na kununuliwa na umma. Wengi walidhani ni uhalifu. Lakini turudi kwenye pishi ya mchele. Juma anamkopesha Asha pishi moja. Asha anaiuza kwa Musa. Musa naye anaikopesha kwa Rehema, naye Rehema anaiuza. Mchele ni pishi moja, na madeni ni mawili. Hakuna aliyeiba. Tuongeze pia kwamba mamlaka ya masoko ya Marekani, katika ripoti yake ya Oktoba 2021, ilieleza kwamba ununuzi wa wadaiwa ulichangia kupanda kwa bei, lakini ilikuwa ni ununuzi wa umma kwa jumla ulioifanya bei idumu juu kwa wiki kadhaa. Si kila bei inayoruka ni mbano tupu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini basi biashara hii inaruhusiwa? Swali hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1602, na mwaka 1609 mfanyabiashara Isaac Le Maire, aliyekuwa mmoja wa wanahisa wake wakubwa akagombana nayo, aliunda kikundi cha siri kilichouza hisa zake kwa wingi kisichokuwa nazo, kikitazamia bei ianguke. Mwaka 1610 watawala wa Uholanzi walipiga marufuku kuuza hisa ambazo mtu hana. Uingereza nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1734, ikaifuta mwaka 1860. Mnamo Septemba 2008 Marekani ilizuia kwa wiki chache uuzaji wa hisa za kukopa za kampuni za fedha karibu 800. Kila bei zinapoanguka, wakubwa humtafuta aliyefaidika na kuanguka huko, naye hupatikana kwa urahisi.

Hata hivyo lazima tuseme haki yake. Wote wanaonunua hisa za kampuni wanatamani kuiona nzuri; wakurugenzi wake wanatamani hivyo zaidi. Muuzaji wa hisa za kukopa ndiye pekee mwenye sababu ya kutafuta uoza. Mwezi Februari 2019 mamlaka ya fedha ya Ujerumani, BaFin, ilikataza kwa miezi miwili uuzaji wa aina hii kwa hisa za kampuni ya malipo ya Wirecard, kwa kuona kwamba inachezewa na watu wa nje. Juni 2020 kampuni hiyo ilikiri kwamba yuro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika vitabu vyake huenda hazikuwapo kabisa, nayo ikafilisika. Waliokatazwa ndio waliokuwa wakisema kweli. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaotaka kuiita biashara hii "ulanguzi". Neno hilo, kwa Watanzania wanaokumbuka msako wa mwaka 1983, limebeba sura ya mtu anayenunua sukari na sabuni, anazificha, anangoja ziadimike, kisha anauza kwa bei ya kuumiza. Mlanguzi hunufaika bei ikipanda. Huyu wetu hunufaika ikishuka. Kuwapa jina moja ni kuvuruga mambo kwa sababu tu wote wawili hatuwapendi.

Sasa tuje kwenye jina. Lugha nyingine zilifanyaje? Neno la Kiingereza lililotuletea "ufupi" halihusu muda wala kimo; katika lugha hiyo mtu husemwa kuwa "mfupi wa kitu" anapopungukiwa nacho. Kwa hiyo aliyetafsiri "mfupi" hakuielewa hata lugha aliyoitafsiri. Wafaransa huyaita mauzo yasiyofunikwa. Waarabu nao hutumia wazo lilo hilo, wakisema ni kuuza kilicho wazi, na neno lao limetoka katika mzizi ule ule uliotupa sisi "kashfa". Wajerumani husema mauzo matupu. Lugha zote tatu zimeutaja upungufu wa muuzaji. Hakuna hata moja iliyotaja mkopo wenyewe, nasi twaona kwamba hapo Kiswahili kinaweza kusema wazi zaidi.

Pendekezo letu ni "uuzaji wa hisa za kukopa", na anayefanya hivyo ni "mdaiwa hisa" mpaka atakapozirejesha. Lakini tunatoa tahadhari juu ya kiungo kimoja kidogo. Mtu akisema "uuzaji wa hisa kwa mkopo" amekwisha kuanguka, kwa maana kuuza kwa mkopo, kama kila mwenye duka ajuavyo, ni kumpa mnunuzi mali ili alipe baadaye. Hapo mwenye deni ni mnunuzi. Katika biashara tunayoieleza mnunuzi hulipa taslimu, na mwenye deni ni muuzaji. Herufi tatu tu, "kwa" badala ya "za ku-", zinamhamisha mdaiwa kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Tumeona jambo hili likichanganywa hata katika maandishi ya watu waliosoma, na katika mkataba linaweza kuleta kesi.

Kuna aina moja zaidi inayohitaji jina la peke yake. Wakati mwingine muuzaji huuza hisa kabla hata ya kuzikopa, au bila kuhakikisha kwamba ziko mahali pa kukopwa. Siku ya kukabidhi ikifika hana cha kutoa. Marekani tangu 2005 imewataka madalali wahakikishe kwanza kwamba hisa zinaweza kupatikana, na Umoja wa Ulaya uliweka masharti kama hayo kwa kanuni ya mwaka 2012. Waingereza husema muuzaji huyo yu uchi. Sisi hatuna haja ya kumvua mtu nguo. Kiswahili cha kawaida kimekwisha kutupa "wafanyakazi hewa" na "wanafunzi hewa", watu walioko katika orodha na hawako kazini wala darasani. "Uuzaji wa hisa hewa" utaeleweka na kila anayesoma gazeti.

Wako waliotuuliza kama "butura" haifai. Neno hilo, linalojulikana vizuri katika mkoa wa Kagera, ni la mkulima anayeuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya chini, kwa sababu ana shida ya fedha. Tunalipenda neno hilo, na yapo mambo yanayofanana: kitu kimeuzwa kabla hakijawa mkononi. Lakini mwenye butura ana mbuni zake. Kahawa ikipanda bei, anakosa faida ambayo angeipata, na ni uchungu mkubwa, lakini hatakiwi kwenda sokoni kununua kahawa ya wengine. Mdaiwa hisa hana mti. Tena katika butura aliye mnyonge ndiye anayeuza kwa kulazimika, na kulipeleka jina lake kwenye mchezo wa wenye mitaji kungekuwa kumdhulumu mara ya pili.

Yote haya yasingekuwa na haraka kama biashara hii ingebaki mbali. Nchini Kenya kanuni za kukopesha na kukopa hati za thamani, na za kuuza hisa za kukopa, zilitolewa mwaka 2017, kwa hiyo istilahi zake ni za mahakama na za mikataba hapa hapa petu. Zaidi ya hayo, kijana aliyeko Mwanza au Mombasa akiwa na simu anaweza leo kufungua akaunti kwa dalali wa ng'ambo na kubonyeza kitufe cha "uza" juu ya kitu asichokuwa nacho. Mara nyingi huko hakopi hata hisa. Anaingia mkataba na dalali wa kulipana tofauti ya bei, kwa dhamana ndogo, na kwa kiasi kilichokuzwa mara nyingi kuliko fedha zake. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya namna hiyo hupata hasara. Anayeanza akiona kitufe hicho kimeandikwa "uza" atadhani anaondokana na kitu. Kumbe anaingia deni. Watengenezaji wa programu hizo wakitaka kuzitia Kiswahili, tungewashauri waandike "kopa na uuze", maneno matatu yanayoingia katika kitufe bila shida.

Yamebaki maneno mawili matatu. Kwa tendo la kununua hisa ili kumaliza deni tunaona "kurejesha hisa" linatosha, wala hatuoni haja ya "kufunika" linalotumiwa na wengine kwa kuwafuata Waingereza. Ombi la dalali la kuongeza dhamana tunaliita "dai la dhamana". Tulifikiria "mwito", lakini mwito unaweza kukataliwa. Kwa ada anayotozwa mkopaji tumeshindwa kukubaliana. Baadhi yetu wanataka "kodi ya hisa", kama kodi ya nyumba, na wengine wanapinga kwamba kodi ni ya kitu kinachoazimwa na kurudishwa chenyewe, na tena itachanganywa na kodi ya serikali. "Riba" nayo imezoea fedha, na wasomaji wetu wengi wa pwani wataliona lina uzito wa kidini usiohusika na maelezo haya. Kwa sasa tumeandika "ada ya mkopo wa hisa", na tungependa kupata maoni ya wasomaji, hasa wale wanaofanya kazi katika masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam, ambao wanajua madalali wenyewe huitaje.